Shoo ya roki iko Nairobi, nyumbani ni Nakuru: unywe wapi kabla, umalizie wapi usiku?

Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, na bado shoo kubwa za roki zinatua Nairobi. Kwa hivyo sisi wapenzi wa gitaa tunaoishi huku, tunaojuana kwa fulana nyeusi tukipishana Kenyatta Avenue, tumezoea kufunga safari. Tiketi hatuzibishanii, zikitoka tu, kila mtu ananunua yake. Ubishi huanza kwenye vinywaji. Mmoja anataka tuanzie hapa mtaani kwa sababu bia ni nafuu. Mwingine tayari anameza mate akiwaza nyama choma ya Kikopey, njiani upande wa Gilgil. Wa tatu anasema tusiguse chupa mpaka tulione geti la uwanja. Na hapo hatujafikia swali la shoo ikiisha usiku wa manane: tugeuze gari, tukeshe, ama tulale hukohuko?

Nimejaribu njia zote hizi, nyingine mara mbili tatu, na watu tofauti. Kila moja imewahi kunipa usiku mtamu, na karibu kila moja imewahi kuniharibia usiku mwingine. Nitazipima zote kwa mizani moja ili wewe na kundi lako mchague inayowafaa.

Tunapima nini

Kwanza pesa, na sio bei ya chupa peke yake. Hesabu nauli, teksi za usiku, chakula, kiingilio cha kilabu na kitanda kama utalala. Bia ya bei nafuu inayokulazimisha kuchukua teksi mbili si nafuu tena.

Pili saa. Nakuru hadi Nairobi ni kilomita 160 hivi. Barabara ikiwa wazi unatumia saa mbili unusu hadi tatu, lakini anayeijua barabara hii anajua pia Gilgil na Kinungi siku za Ijumaa na Jumapili, magari yakisimama mpaka watu wanashuka kununua mahindi ya kuchoma.

Tatu tumbo, yaani chakula na choo. Watu hucheka nikitaja choo kwenye mipango, mpaka wajikute katikati ya Limuru na kibofu kimejaa na dereva amekataa kusimama.

Nne usalama, njiani na mjini.

Tano, shoo yenyewe. Hiki ndicho kigezo ninachokipa uzito kuliko vingine. Tumelipa tiketi na kusafiri kilomita mia na kitu ili tusikie bendi. Mpango wowote unaokufikisha mbele ya jukwaa ukiwa umelegea, au unaokuacha kwenye foleni ya choo wimbo uliousubiri mwaka mzima ukipigwa, umekuibia.

Nitaanza na baada ya shoo, halafu nirudi kabla. Najua ni kinyumenyume, lakini jinsi utakavyorudi nyumbani ndiyo itakayoamua unaweza kunywa nini mchana. Makundi mengi hupanga mwanzo kwa furaha na kuuacha mwisho ujipange wenyewe saa saba usiku, wakati hakuna mwenye kichwa cha kupanga kitu.

Baada ya shoo: kugeuza gari usiku uleule

Hapa mnakodi gari la viti 14, mnachanga, dereva anawasubiri, na shoo ikiisha mnapanda kurudi Nakuru.

Kwa pesa, ukigawanya kwa watu 12 au 13 hakuna njia nafuu kama hii. Hakuna kitanda, hakuna teksi, hakuna bili ya kilabu. Kwa saa, bendi ikimaliza saa sita usiku mtafika Nakuru kati ya saa tisa na saa kumi alfajiri, maana usiku barabara hupungua magari madogo hata kama malori hayaishi. Tumbo ndilo linaloteseka: ukishavuka Rironi, pa kula ni pachache saa hizo, kwa hivyo beba chapati au mayai ya kuchemsha kutoka nyumbani na maji ya kutosha.

Kunywa baada ya shoo ni kama hakupo. Unaweza kupata chupa moja wakati watu wanakusanyika kwenye gari, basi. Mimi sioni hilo kuwa hasara. Kuna raha ya kipekee kwenye gari lile, taa zimezimwa, masikio bado yanavuma, mtu wa kiti cha nyuma anaimba kibwagizo kwa sauti iliyokauka na wengine wanamdaka.

Lakini usalama wote uko mikononi mwa mtu mmoja. Sehemu za Limuru hadi Kimende hushuka ukungu mzito usiku, na ukiteremka kuelekea Naivasha malori yaliyobeba mizigo hutambaa bila taa za nyuma zinazoonekana vizuri. Dereva awe hajaonja kitu, na awe amelala mchana. Usingizi unaua kama pombe. Mwaka mmoja tulimkodi dereva kwa simu, hatukumuuliza lolote. Tulipotoka uwanjani tulimkuta ameketi nyuma ya gari na chupa mkononi. "Nimeonja tu," akasema, na mdomo wake ukasema mengine. Tulichukua ufunguo. Watu 11 tulilala tumebanana ndani ya gari lile mpaka kukapambazuka, madirisha yamefunikwa na mvuke wa pumzi zetu, mmoja wetu amepiga simu nyumbani kueleza kwa nini hatarudi. Nilisikia baridi usiku ule kuliko siku yoyote, lakini sote 11 tulifika.

Inamfaa mwenye mtoto mdogo nyumbani, mwenye kazi au ibada asubuhi, na kundi lililo na mtu mmoja asiyekunywa ambaye mnamwamini. Haimfai anayeona kwamba usiku bila kikao cha baadaye haujakamilika.

Baada ya shoo: kukesha mjini na kupanda matatu ya kwanza

Hii ndiyo njia ya vijana, na mimi nilikuwa mtu wake kwa miaka mingi. Shoo inaisha, mnaagiza teksi kwa programu ya simu, mnakwenda Westlands au katikati ya jiji, mnacheza mpaka alfajiri, halafu mnashuka steji za River Road na Accra Road kutafuta gari la Nakuru.

Hapa ujue sheria. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010, tunayoiita sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho aliyekuwa mbunge wa Naivasha huku kwetu, inazipa baa za kawaida ruhusa ya kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana hadi saa tano usiku wikendi na sikukuu. Vilabu vya usiku vina leseni ya aina yake. Kwa hivyo shoo ikiisha saa sita, usiwaze kuketi kwenye baa tulivu na kuzungumza kuhusu bendi. Kitakachokuwa wazi ni kilabu, na kilabu kina muziki wake, mara nyingi sio wetu. Mtu aliyetoka kusikiliza gitaa kwa saa tatu anaweza kuudhika haraka humo.

Pesa huonekana kama umeokoa kwa kukosa kitanda, lakini kuna kiingilio, bia ya kilabu, teksi ya kwenda na teksi ya kurudi. Nimewahi kupiga hesabu Jumapili nikakuta kitanda kingekuwa nusu ya nilichotumia. Kwa tumbo, hapa Nairobi haina mpinzani: smoki na mayai pasua mlangoni mwa kilabu, mutura kwa jiko la kona, na kabla jua halijatoka supu ya moto ya kuzimua kule River Road.

Usalama unataka macho. Simu iwe mfuko wa mbele. Kinywaji chako ukikiacha mezani kwenda choo, usikirudie, agiza kingine. Watu huwekewa mchele Nairobi, yaani dawa ya kulevya ndani ya kinywaji, wanaume kwa wanawake, na wanaamka hawana simu wala pesa, wengine hawaamki. Msitembee kwa miguu kutoka kilabu hadi steji saa kumi usiku hata kama ni karibu. Nendeni wengi na mrudi wengi.

Bado kuna asubuhi moja ninayoikumbuka. Saa kumi na nusu, steji ina baridi, makanga anaita "Nakuru, Nakuru, wawili wa mwisho!" na gari bado lina viti tisa vitupu. Mama mmoja alikuwa na thamosi na ndoo ya mandazi. Akanimiminia chai ya tangawizi kwenye kikombe cha plastiki, akanitazama fulana yangu iliyokauka jasho, akaniambia, "Kunywa, kijana wangu, Nakuru ni mbali." Nilikunywa vikombe viwili. Nililala kuanzia Uthiru mpaka Gilgil.

Inamfaa mwenye nguvu, mwenye marafiki wasiotawanyika, na asiye na shughuli yoyote Jumapili. Haimfai anayesafiri peke yake. Hapo nina msimamo, na sitauregeza.

Baada ya shoo: kulala Nairobi

Unalipia chumba mapema, karibu na uwanja iwezekanavyo, na unarudi Nakuru kesho yake baada ya kifungua kinywa.

Ni ghali zaidi ukiwa peke yako, lakini watu wanne wakigawana nyumba ya kukodi ya siku moja bei hukaribiana na ile ya kukesha. Saa zako ni zako. Tumbo lina jiko, lina choo, lina maji. Na kunywa kwa baadaye huwa kuzuri kuliko kokote: mnanunua vinywaji mapema dukani, mnaviacha chumbani, mnarudi kuketi sakafuni na kuichambua shoo wimbo kwa wimbo bila kupigiana kelele. Dada zetu kwenye kundi hupendekeza njia hii karibu kila mara, na sababu zao zina mashiko: mlango unafungwa, na unajua nani yuko ndani.

Ubaya wake ni chumba chenyewe. Kuna nyumba moja ya wageni tuliyoilipia wiki mbili kabla. Tulifika saa nane usiku tukakuta chumba chetu kina watu wengine wamelala, na mlinzi hana habari nasi. Tangu siku hiyo tunafika kwanza, tunachukua ufunguo, tunaacha mikoba, ndipo tunakwenda shoo. Ukiweka jambo hili kwenye mpango, lazima uondoke Nakuru mapema, na hapo unaona jinsi mwisho unavyouvuta mwanzo.

Inamfaa aliye na akiba kidogo, wapenzi wawili, wenye umri wa kuumwa mgongo, na yeyote anayekwenda shoo kwa mara ya kwanza. Haimfai anayelazimika kuwa Nakuru saa mbili asubuhi.

Hesabu ya chupa, kabla hatujaenda mbele

Chupa ya bia ya Tusker ya mililita 500 ina alkoholi ya asilimia 4.2, yaani mililita 21 za alkoholi tupu. Mwili wa mtu mzima huondoa takriban mililita 8 hadi 10 kwa saa. Chupa moja basi inataka saa mbili na zaidi. Ukianza kunywa saa mbili usiku na kumaliza chupa nne, hazijatoka mwilini kabla ya saa kumi na nusu alfajiri, na hiyo ni kwa mwili unaofanya kazi haraka. Kwa mwingine ni saa kumi na mbili na nusu. Kahawa haisaidii. Maji baridi kichwani hayasaidii. Ni saa tu.

Pombe kali ya asilimia 40 inadanganya zaidi kwa sababu haijazi tumbo. Robo, ile ya mililita 250, ina mililita 100 za alkoholi tupu, karibu sawa na chupa tano za Tusker. Mtu anayeimaliza robo peke yake ndani ya gari kati ya Nakuru na Naivasha hajajipasha moto kwa ajili ya shoo. Ameshaimaliza shoo yake.

Kabla ya shoo: kuanzia Nakuru

Mnakutana nyumbani kwa mtu Section 58 au Milimani, au kwenye baa ya mtaa mnapojulikana, mnasikiliza nyimbo za bendi na kunywa taratibu kabla ya kupanda gari.

Kwa pesa hakuna kinachoshindana na hapa. Bia ni ya bei ya mtaa, chakula ni cha nyumbani, na asiyekunywa anapata soda yake bila kutazamwa. Kama mnatumia baa, kumbukeni zile saa za sheria: wikendi ni saa nane mchana, na shoo ikiwa Ijumaa, baa ya kawaida haifunguliwi mpaka saa kumi na moja jioni, wakati ambao mnapaswa kuwa mmeshafika Nairobi. Kwa hivyo kwa shoo ya Ijumaa, Nakuru maana yake ni nyumbani kwa mtu.

Shida ni zile kilomita 160. Bia inaongeza mkojo kuliko maji uliyokunywa, na matatu ya abiria haisimami kwa ajili yako. Halafu joto la gari na mwendo wa barabara hulaza. Nimeona watu walioanza kwa kelele Nakuru wakiamshwa Kangemi, vichwa vizito, ulevi umekwisha na uchovu umeanza, shoo yenyewe ikiwa bado saa tatu mbele. Kwa kigezo cha shoo njia hii ndiyo dhaifu, isipokuwa mkinywa moja tu ya kuagania.

Inamfaa mwenye bajeti finyu, na kundi lenye gari lake la kukodi linaloweza kusimama Gilgil na Naivasha kwenye vituo vya mafuta. Anayepanda matatu ya kawaida aache.

Kabla ya shoo: Kikopey

Hapa naomba unipe nafasi, kwa sababu napapenda. Kikopey iko kwenye barabara kuu upande wa Gilgil, nusu saa hadi dakika 40 kutoka Nakuru, na ukikaribia utajua kwa moshi kabla ya kuona mabango. Unashuka, unaitwa na watu watano kwa mara moja, unachagua bucha, unaonyesha kipande kinachoning'inia. "Kilo ngapi, bosi?" Unasema, anapima, anapeleka kwenye makaa. Kisha unasubiri. Kusubiri huko ndiko kikao chenyewe: chupa moja ya baridi, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki, upepo wa Elementaita unapuliza, mabishano kuhusu albamu ipi ilikuwa bora. Nyama ikija inawekwa kwenye ubao, mhudumu anaikata mbele yako kwa kisu kilicholiwa na kunolewa, anamwaga chumvi pembeni, ugali unatoa mvuke, kachumbari ina pilipili ya kukutoa machozi. Unakula kwa mkono. Fulana yako itanuka moshi mpaka kwenye shoo, na mtu usiyemjua atakugeukia katikati ya umati akuulize mmepitia Kikopey.

Kwa pesa ni ya kati: bia si ghali kama Nairobi, ila nyama ya watu wengi hupanda haraka, kwa hivyo changeni kabla ya kuagiza. Tumbo linashinda hapa kwa mbali. Chakula chenye mafuta na ugali hupunguza kasi ya pombe kuingia kwenye damu, na utasimama saa nne uwanjani bila kutetemeka magoti. Kwa shoo ni nzuri, maana ulevi wa chupa moja au mbili juu ya tumbo lililojaa umetulia mnapofika.

Saa ndiyo hatari yake. Nyama haiharakishwi. Mkisema mtakaa saa moja, wekeni mbili. Na mbele yenu bado kuna Naivasha, ambako mtapita kiwanda cha bia cha Keroche kando ya barabara na kuna mtu atakayesema tusimame tena, msisimame. Bado kuna Kinungi. Safari moja tulitoka Kikopey tumeshiba na kuridhika saa kumi jioni, foleni ikatushika, na tulisikia bendi ya kwanza tukiwa nje ya uwanja kwenye mstari wa kukaguliwa. Bendi za utangulizi ndizo mara nyingi za Wakenya wenzetu, vijana wanaopiga roki katika nchi ambayo redio haziwapi nafasi. Iliniuma kuwakosa, na bado inaniuma.

Usalama unamhusu dereva tena. Yeye anakula nyama na kunywa Stoney, na bili yake inalipwa na kundi.

Inamfaa kundi la watu watano kwenda juu wenye gari lao, waliotoka Nakuru kabla ya saa sita mchana. Haimfai mtu wa matatu, kwa sababu hapo utashuka na kutafuta gari lingine lenye nafasi, na yanayopita huwa yamejaa.

Kabla ya shoo: kufika Nairobi kwanza

Mnapanda asubuhi, mnafika, mnaketi kwenye baa iliyo karibu na uwanja mpaka geti lifunguliwe. Karibu na wapi, inategemea. Shoo ya Uhuru Gardens au viwanja vya Carnivore, ketini upande wa Lang'ata Road. KICC, ketini katikati ya jiji na mtatembea kwa miguu. Kasarani iko Thika Road, na kuketi Westlands kwa ajili ya Kasarani ni kutafuta msongamano kwa mkono wako.

Pesa ndiyo inayouma, Nairobi ni Nairobi. Kila kitu kingine kinapendelea njia hii. Saa hazikuhangaishi, choo kipo, na mnaweza kunywa kidogo kidogo kwa kupishanisha bia na maji. Zaidi ya hayo, mtakutana na wenzetu. Mezani pembeni kutakuwa na watu wa Eldoret, wa Thika, wa Mombasa waliokuja na treni, wote kwa fulana nyeusi, na ndani ya dakika kumi mnagawana meza. Huku kwetu tuko wachache, na mchana mmoja wa kuzungukwa na watu wanaojua majina ya wapiga ngoma una thamani kwangu kuliko tofauti ya bei ya chupa.

Pungufu yake ni chakula, ambacho kwenye baa za karibu na uwanja huagizwa na watu wote kwa wakati mmoja. Agizeni mkishaketi tu, msisubiri njaa. Na msiwaze kubeba chupa hadi getini; mabaunsa hukagua mikoba na kilichomo hubaki kwenye pipa. Bebeni vitambulisho hata kama mna ndevu, maana umri wa kisheria wa kuuziwa ni miaka 18 na kuna mahali huulizwa bila kujali sura.

Inamfaa anayelala Nairobi, anayesafiri na mtu mmoja tu, na anayetaka kusikia kila bendi tangu ya kwanza.

Wapo wanaosubiri kunywa ndani ya uwanja pekee. Ni sawa kwa chupa moja ya kushika mkononi. Zaidi ya hapo bei hupanda na foleni ni ndefu, na kila foleni ni wimbo mmoja umeukosa.

Kwa hali yako

Mko kumi na zaidi na mna gari la kukodi: Kikopey mchana, mtoke Nakuru saa tano asubuhi, soda kwa dereva, kurudi usiku uleule. Mteueni mtu mmoja wa kuhakikisha dereva amelala kabla ya kurudi na kukaa naye mbele usiku, akimwongelesha.

Mko wawili au watatu na mnapanda matatu: msinywe Nakuru. Pandeni asubuhi, chukueni chumba, ketini karibu na uwanja, kaleni chumbani baada ya shoo.

Ni wanafunzi na pesa ni ya kuunga: chapati nyumbani, chupa moja ya kuagania, kingine chochote kisubiri. Mkiamua kukesha, wekeni nauli ya kurudi kwenye simu ya mtu mmoja asiyekunywa, na asiitoe mpaka steji.

Ni shoo ya Ijumaa na unatoka kazini Nakuru saa saba: sahau Kikopey, sahau kikao. Nunua kitu cha kula, panda, lala njiani, unywe ndani. Lala Nairobi kama unaweza.

Uko peke yako: chumba kilicholipiwa, baa ya mchana, meza ya watu wa fulana nyeusi. Waambie umetoka Nakuru. Mwambie mmoja wao unalala wapi, na mwambie pia mtu wa nyumbani.

Hunywi kabisa: njia zote sita ni zako, na kundi litakutaka kwenye kila moja. Usikubali kuwa dereva bila kuulizwa, na ukikubali, usichangie mafuta.

Vyovyote mtakavyochagua, beba sweta. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, shoo ni za nje, na jasho la saa tano usiku huwa baridi saa saba.